Wakia Mbili za Ziada

Katika ligi ya wazee waliovuka miaka sabini wanaocheza softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, mjini Haldis, Minnesota, kila timu hubeba mgongoni jina la aliyeinunulia jezi. Timu ya Arvid Nesheim ilinunuliwa jezi na duka la majeneza. Kitambaa cheusi, herufi nyeupe: OSTBY NA WANAWE, MAZISHI YA HESHIMA. Wapinzani wao wakubwa walivalishwa na duka linalouza vifaa vya kusaidia masikio, na ilikuwa desturi ya uwanja ule kwamba upande mmoja ukipiga kelele "Leo mmekwisha!", upande wa pili ujibu kwa pamoja, "Mmesemaje?" Mechi zilichezwa Jumanne asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla vidonge vya presha havijaanza kuleta usingizi.

Jumanne moja ya mwezi Juni, mbele ya mashahidi wa timu mbili na mbwa mmoja, Arvid aliingia uwanjani na gongo jipya. La zamani lilikuwa limepata ufa. Hili jipya lilikuwa jekundu, la bomba jembamba mpinoni na nene kichwani, na kwenye ubavu wake kiwanda kilikuwa kimechapa kwa rangi ya fedha: wakia 26. Arvid alilichagua kwa sababu ya hiyo ishirini na sita. La zamani nalo lilikuwa ishirini na sita, na mtu wa miaka sabini na minne hana sababu ya kuipa mikono yake habari mpya.

Harlan Eide, mfuga batamzinga mstaafu aliyekuwa mrushaji wao mazoezini na mdomo wake ukifunguka kama benki ya kijiji, yaani mara chache na kwa muda mfupi, alisimama pembeni akitazama. Mpira ulikuja juu, taratibu, ukashuka kama mwaliko. Arvid akazungusha gongo. Mwaka jana mpira kama huo ungekwenda kugonga uzio. Safari hii uliruka kama kuku anayeshuka juu ya ua, ukatua mikononi mwa mzee aliyekuwa hata hajasogea.

"Arvid!" ilikuja sauti kutoka kituo cha kwanza cha uwanja. "Huo mpira umeupiga au umeubembeleza?"

Mwenye sauti alikuwa Duane Pruska. Miaka yote ya ujana wake Duane alikuwa mnadi wa ng'ombe, na kustaafu kulimwondolea ng'ombe tu, sauti ikabaki.

"Gongo jipya," Arvid alisema. "Sijalizoea."

"Gongo halina kosa, ndugu yangu. Mikono ndiyo imestaafu. Hukupata barua?"

Wazee walicheka. Arvid naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi. Akapiga tena, kuku mwingine. Akapiga ya tatu, kuku wa tatu, huyu akiwa kifaranga.

Mechi ilipokwisha, watu walianza kupakia viti vyao vya kukunja kwenye pikapu. Kilichofuata ni kahawa na pai mkahawani, kama kila Jumanne. Harlan alipita karibu na Arvid.

"Unakuja kahawa?"

"Hapana, asante."

"Kweli?"

"Nina kazi kidogo nyumbani."

"Haya," alisema Harlan, akaenda zake.

Hapa msomaji asimlaumu Harlan. Watu wa Haldis wana sheria moja ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuivunja. Ukikaribishwa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena, ila kwa sauti ya chini. Mara ya tatu ndipo unakubali, huku ukinung'unika kwamba unawasumbua wenzako. Anayekubali mwanzoni ni mlafi, na anayekataa hadi mwisho ana kiburi. Sasa mke wa Arvid, Ardis, alipofariki Novemba, wazee wa timu walikubaliana, kwa moyo safi kabisa, kwamba mfiwa hasukumwi. Basi wakawa wanamkaribisha mara mbili na kumwacha kwa heshima. Naye Arvid, aliyelelewa vizuri, alisubiri ile ya tatu. Kila mtu alikuwa na adabu, na adabu zikamla Arvid mzimamzima.

Kazi aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa kula akiwa amesimama. Aliona hakuna haja ya kuchafua meza kwa ajili ya mtu mmoja. Redio ilimsomea bei za nguruwe, ingawa hakuwahi kufuga nguruwe. Friji ilikuwa na tabia ya kuguna kila baada ya muda, na Arvid alikuwa ameanza kuijibu. "Ndiyo," aliiambia jioni ile. "Wanasema mikono imestaafu."

Friji ikaguna.

"Na mimi nimewaza hivyo hivyo," alisema Arvid.

Ndipo macho yake yalipoangukia mizani. Ilikuwa mizani ya jikoni ya Ardis, aliyorithi kwa mama yake, yenye rangi ya kijani iliyobanduka, sahani pana juu na uso wa duara wenye mshale mweusi. Tangu Novemba haikuwa imebeba chochote isipokuwa vumbi. Arvid aliipangusa kwa mkono wa shati, akahakikisha mshale umelala kwenye sifuri, akachukua gongo na kulilaza juu ya sahani, kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto wa watu.

Mshale ukapanda. Ukapita ishirini na tano. Ukapita ishirini na sita bila hata kuisalimu. Ukasimama kwenye ishirini na nane.

Arvid aliliondoa, akalirudisha. Ishirini na nane. Aliligeuza upande wa pili. Ishirini na nane. Wakia mbili za ziada! Kwa mtu wa kawaida wakia mbili ni uzito wa yai moja. Kwa mpigaji, yai hilo likiwekwa kwenye ncha ya gongo linatosha kumgeuza tai kuwa kuku. Haikuwa mikono. Alisimama katikati ya jiko lake akiwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumpa, isipokuwa friji, nayo wakati huo ilikuwa kimya.

Jumanne iliyofuata aliwaambia wenzake. Aliwaambia polepole, akitazama viatu vyake, maana kujisifu nako kuna sheria zake.

"Mbili?" Duane alisema. "Wakia mbili nzima?"

"Mbili."

"Wezi!" Duane alilinyanyua gongo lake mwenyewe, lililoandikwa ishirini na nane, kubwa kuliko yote timuni, jambo ambalo alikuwa hajamwacha mtu yeyote apate kulisahau. "Na hili je? Si ajabu miaka yote hii nimekuwa nikizungusha nguzo ya simu! Arvid, hiyo mizani iko wapi?"

"Nyumbani."

"Kesho tunakuja."

Hakuuliza hata mara moja, achilia mbali tatu. Duane alikuwa amelelewa na minada. Arvid alikwenda nyumbani akanunua njiani kahawa ya kutosha kikosi cha zimamoto.

Jumatano wazee saba walivua viatu mlangoni wakaingia jikoni kwa soksi, kila mmoja na gongo lake begani. Hapakuwa na viti vya kutosha. Aliyekosa kiti alikalia ndoo iliyogeuzwa, na Arvid alizunguka na birika akisikia jambo alilokuwa amelisahau: kijiko cha mtu mwingine kikigonga kikombe. Kisha ibada ya kupima ikaanza. Mmoja baada ya mwingine waliyalaza magongo yao juu ya sahani ya Ardis, na Arvid, kama kasisi wa dhehebu dogo lenye msimamo mkali, alisoma hukumu. La Harlan, lililoandikwa ishirini na saba, lilikuwa ishirini na tisa. La yule mzee wa kwenye ndoo, ishirini na tano, lilikuwa karibu ishirini na saba. La Duane lilifika thelathini kasoro nusu, na Duane palepale akaifuta hiyo kasoro kwa mkono.

"Thelathini! Mmesikia? Thelathini! Mnaona mkono huu?" Alikunja mkono. Kilichoonekana kilikuwa mkono wa shati.

"Naona," alisema Harlan. "Unatetemeka."

"Unatetemeka kwa nguvu zilizojaa, wewe mlisha batamzinga."

Hakuna mzee aliyetoka pale jikoni bila kurefuka kidogo. Kila mmoja alikuwa ameingia akiwa mzee, akatoka akiwa mtu aliyedhulumiwa, na kudhulumiwa kunamkaa mtu vizuri zaidi kuliko uzee. Wiki iliyofuata walirudi bila kuulizana. Duane alipiga simu kiwandani kwa simu ya Arvid ya ukutani, akawekewa muziki wa kusubiri, akaimba pamoja nao, na hatimaye akapata binti mpole aliyemuuliza kama gongo limepimwa na mkanda wa mpini au bila, kwani uzito wanaouchapa ni wa gongo lisilofungwa mkanda. Wakalivua gongo la Harlan mkanda wake, ule wa kunata unaozuia mkono kuteleza. Mshale ukashuka unywele.

"Binti yangu," Duane alimwambia yule mpole, "mkanda tumeuvua, na uongo bado umevaa." Akakata simu kabla hajajibiwa, akawageukia wenzake. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mkutano wa ligi nzima. Nitasimama. Nitasema. Na Arvid atabeba mizani."

Wote wakamtazama Arvid. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu watu wamtazame hivyo, wakimhitaji.

"Nitabeba," alisema.

Basi akaona haya kuwanywesha wageni kahawa kavu. Jumanne mvua ilinyesha, mechi ikaahirishwa, na Arvid akafanya jambo ambalo mbele ya mahakama yoyote ya Haldis lingehesabiwa kuwa ni wazimu: aliamua kuoka mkate wa iliki wa Ardis.

Mkate ule ulikuwa na historia yenye damu, au angalau yenye machozi. Hapakuwa na mkate laini kama huo katika wilaya tatu. Na hapakuwa na mtu mwingine aliyeuweza. Ardis hakuwa mchoyo. Maelezo alimpa kila aliyeuliza, unga wakia kadhaa, maziwa vikombe kadhaa, mayai, siagi, hamira, iliki ya kutwanga, na kila aliyeyafuata alitoa kitu cha kuzuilia mlango. Mdogo wake Ardis, LaVonne, aliuoka kwa ajili ya karamu ya kanisa, na mtu mmoja akavunja jino la bandia mbele ya mchungaji. LaVonne alisema waziwazi, kwenye ngazi za kanisa, kwamba dada yake ameficha kitu. Ardis hakujibu. Watu wa Haldis hawajibu, wanahama benchi. Kuanzia hapo dada mmoja alikaa kushoto kanisani na mwingine kulia, mpaka Novemba. Siku ya mazishi LaVonne alileta mkate wa dukani, bado umo kwenye mfuko wake wa plastiki, na kila mtu alielewa.

Arvid mwenyewe, kwa siri, aliamini kwamba LaVonne alikuwa sahihi. Alimpenda mkewe, lakini alimjua.

Karatasi ya maelezo ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Arvid aliifuata kama askari mpya anavyofuata amri, bila kuelewa na bila kuuliza. Unga aliupima kwenye mizani ya kijani, vilivyobaki kwa vikombe na vijiko. Alikanda. Alisubiri. Alioka. Alipoumega mkate, mvuke ulipanda na harufu ya iliki ikajaa nyumba nzima, na ilimbidi atoke nje asimame kwenye baraza akitazama mvua, kwa sababu kwa kitambo kidogo ilikuwa kana kwamba mtu yumo jikoni.

Alirudi akauonja. Ulikuwa wenyewe. Laini, wa kuchanika kwa nyuzi, wenyewe kabisa.

Lakini hakukuwa na siri! Yeye, ambaye hajui tofauti ya mwiko na kijiko, alikuwa ameufuata mstari kwa mstari na ukatoka. Ikiwa Ardis hakuficha kitu, kwa nini wa LaVonne ulivunja jino?

Juu ya meza kulikuwa na pakiti ya pili ya siagi, haijafunguliwa. Imeandikwa ratili moja, wakia kumi na sita. Arvid aliiweka juu ya mizani bila nia yoyote, kama mtu anavyochezea kifungo cha shati. Mshale ulipanda, ukapita kumi na sita, ukasimama kwenye kumi na saba na punje.

Hata wa siagi wanadanganya, aliwaza. Akachukua sukari, mfuko mzima wa ratili nne. Mshale ukasema ratili nne na wakia nne.

Arvid akavuta kiti. Mara ya kwanza tangu Novemba, alikaa mezani peke yake.

Springi ya mizani ile ilikuwa imechoka. Ilikuwa imebeba unga wa mama yake Ardis na unga wa Ardis, na kama kila mtu katika hadithi hii ilikuwa imelegea, ikaona kila mzigo ni mzito kuliko ulivyo. Ilipowekewa kumi na tano, ilisema kumi na sita. Ardis alipodhani ameweka unga kamili, aliweka pungufu, na upungufu huo ndio uliokuwa ulaini. LaVonne aliweka kamili, akapata jiwe. Na magongo ya wazee wa Ostby na Wanawe hayakuwa yamemdhulumu mtu. Kiwanda kilisema kweli.

Alitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa imestaafu, na barua ndiyo hii.

Angeweza kunyamaza. Aliliona jambo hilo waziwazi, kama njia iliyofagiliwa. Akinyamaza, kesho jiko litajaa, na keshokutwa, na wiki ijayo, hadi Jumamosi Duane atakaposimama mbele ya ligi nzima na mtu mmoja mwenye mizani nzima atakapoinuka. Labda hata hapo wangepata la kusema. Wazee hawakosi la kusema. Lakini Ardis alikuwa makaburini upande wa kaskazini na jina la uchoyo juu yake, na yeye pekee duniani ndiye aliyejua kwamba si lake. Akimsafisha Ardis kwa kisa cha mkate, kisa cha mizani kinatoka nacho. Vilikuwa mzigo mmoja.

Friji ikaguna.

"Nyamaza nifikiri," Arvid aliiambia. Kisha akainua simu.

"LaVonne? Ni Arvid."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nakukaribisha kahawa kesho asubuhi."

"Hapana, shemeji, sitaki kukusumbua."

"Nimeoka mkate."

"Wewe?"

"Mimi. Wa iliki. Njoo."

"Kesho nafua."

Hapo ndipo Arvid alipogundua kwamba maishani mwake hakuwahi kumkaribisha mtu mara ya tatu. Kazi hiyo ilikuwa ya Ardis. Mara mbili za kwanza ni adabu, lakini ya tatu humwacha mtu amesimama na mkono umenyooshwa.

"LaVonne," alisema, "nakuomba uje."

"Basi labda dakika tano," alisema LaVonne. "Lakini usihangaike."

Alikuja, mdogo, mweupe kichwa kizima, mkoba ukiwa umekumbatiwa kifuani kama ngao. Aliposikia kelele za wanaume saba alitaka kugeuka, ila Harlan alikuwa ameshampisha kiti. Kilikuwa kiti cha Ardis. LaVonne akasema atasimama. Arvid alikata mkate, akampa yeye kipande cha kwanza.

LaVonne alitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko mkate ule ulivyohitaji.

"Nani ameoka huu?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Karatasi ya kwenye kabati. Sawa na ile aliyokuandikia."

"Muongo."

"Mama," Duane aliingilia, mdomo umejaa, "huyu bwana akichemsha maji yanaungua. Tunamjua. Kama ameuweza, basi hata ng'ombe anauweza."

Arvid hakucheka. Aliweka pakiti ya siagi mbele ya Duane. "Soma hapa."

"Ratili moja. Wakia kumi na sita."

Akaiweka kwenye sahani. "Sasa soma mshale."

"Kumi na saba na kitu. Haa! Hata wa siagi! Nilisema mimi! Dunia nzima ni..."

"Wanatudanganya kwa kutuzidishia?" aliuliza Harlan.

Mfanyabiashara anayekuongezea siagi bila kukuambia hajazaliwa, na pale palikuwa na watu wenye umri wa kutosha kulijua hilo. Mzee wa kwenye ndoo aliweka kikombe chake chini. Arvid akawaeleza, akitazama mshale asiwatazame wao. Alisema kwamba mizani imechoka. Usiku alikuwa amepiga hesabu upya, na magongo yalikuwa sawa, karibu yote. Lake limezidi robo ya wakia tu, na hiyo ni ya mkanda. La Harlan vilevile.

"Na langu?" Duane aliuliza kwa sauti ambayo hakuna aliyeijua.

"Lako limepungua."

"Limepungua chini ya lilivyoandikwa?"

"Kidogo."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

Duane aliutazama mkono wake, ule ule wa juzi. "Ningeomba," alisema hatimaye, "hili lisitoke humu jikoni."

"Litatoka kabla yako," alisema Harlan, na wengine wakacheka, ila kicheko kilikuwa kifupi na hakikuzunguka meza. Walimaliza kahawa yao. Walimshukuru Arvid mmoja mmoja, kwa mkono. Walivaa viatu wakatoka na magongo yao begani, kama watu wanaotoka kanisani na miavuli siku ambayo mvua haikunyesha. Walikuwa wameingia warefu. Sasa kila mmoja alikuwa kimo chake.

LaVonne alibaki. Alikuwa ameweka kidole kwenye sahani ya mizani, akiikandamiza taratibu na kuiachia, mshale ukienda na kurudi.

"Nilinunua mizani mpya," alisema. "Kwa ajili ya mkate huu tu. Nzuri kabisa, ya kweli kabisa."

"Najua."

"Ule wa kanisani niliwatupia ndege. Hawakuugusa." Akakandamiza tena. "Alijua?"

"Hakujua. Angejua angekuambia."

"Ardis? Angenicheka kwanza."

"Angekucheka," Arvid alikubali. "Kisha angekuambia."

LaVonne akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani, ikabidi hatimaye akikalie kile kiti. Arvid hakujua afanye nini, akamkatia kipande kingine cha mkate. Alipoinuka kwenda, Arvid aliifunga mizani kwa taulo.

"Ichukue."

"Hapana, shemeji."

"Ichukue, LaVonne."

"Ilikuwa ya mama. Ikae hapa, watu wanakuja."

Arvid aliitazama ndoo na viti vilivyokaa ovyo. "Ichukue," alisema mara ya tatu, na LaVonne akaichukua, akilalamika hadi garini kwamba ni nzito.

Jumatano iliyofuata Arvid alitengeneza kahawa ya watu wanane, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Juu ya kaunta palikuwa na duara safi mahali miguu ya mizani ilipokuwa. Redio ilisoma bei za nguruwe; zilikuwa zimeshuka. Hakuna aliyekuja. Hawakuwa na kinyongo. Hawakuwa na sababu ya kuja tu, na watu wa Haldis hawaendi nyumbani kwa mtu bila sababu. Saa sita alimimina kahawa yote kwenye sinki, akiwa amesimama, akaitazama ikizunguka na kuondoka.

Jumanne alikwenda uwanjani. Alipiga kwa lile gongo jekundu la wakia ishirini na sita, na mara hii alijua kwamba ni ishirini na sita. Kuku alitua palepale. Kutoka kituo cha kwanza hakukuja neno. Duane siku hizo alikuwa akitaja uzito wa gongo lake kwa uangalifu mkubwa, yaani hakuutaja kabisa. Ostby na Wanawe walizikwa vizuri na timu ya masikio. Viti vikakunjwa. Harlan akapita.

"Unakuja kahawa, Arvid?"

"Hapana, asante."

"Kweli?"

"Nina kazi kidogo."

"Haya."

Harlan akaenda. Hatua zake zilikuwa zikivunja changarawe, kubwa, za mtu aliyezoea kutembea katikati ya batamzinga bila kuwakanyaga. Alifungua mlango wa pikapu. Arvid alikuwa amesimama na gongo mkononi, na nyumbani kulikuwa na friji.

"Harlan!" aliita.

Wazee kadhaa waligeuka. Mbwa naye akageuka.

"Ndiyo?"

Katika historia yote ya Haldis, tangu wazee wao walipoteremka kwenye treni na masanduku ya mbao, haikuwahi kutokea mtu akasema maneno yale, na mbele za watu. Arvid alihisi masikio yakimwaka moto.

"Hebu niulize tena," alisema.

Harlan akaufunga mlango wa pikapu, akavua kofia, akarudi ile changarawe yote taratibu mpaka akasimama mbele yake, kama mtu aliyeagizwa jambo kubwa.

"Arvid," alisema, "unakuja kahawa?"

Arvid akatazama kwanza mawingu, ili asionekane mlafi.

"Kama siwasumbui," alisema.